Geji ikidanganya, nani alipe lita zilizopotea?

Wafanyabiashara wengi wanaopitisha mizigo Malaba, Rusumo, Kabanga au Tunduma hawamiliki malori. Hukodi. Na mara nyingi makubaliano huwa kwamba mwenye mzigo atagharamia mafuta, mwenye lori atatoa gari na dereva. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Gari limeondoka na tenki zimejaa, limefika mpakani, sindano kwenye dashibodi inaonyesha robo wakati hesabu ya mwenye mzigo inasema ilitakiwa iwe karibu na nusu. Lita 60 hazionekani. Simu zinaanza kupigwa, na kabla mzigo haujavuka, dereva ameshaitwa mwizi na posho yake imekatwa.

Wizi wa mafuta upo, hakuna atakayebisha. Madumu ya lita 20 yanayouzwa kando ya barabara kuu hayaoti kama uyoga. Lakini katika ugomvi wa aina hii kuna shahidi ambaye hahojiwi kamwe, naye ni geji yenyewe.

Tuanze na hesabu ya njia. Mombasa hadi Kampala ni takriban kilomita 1,170. Lori lenye trela na mzigo kamili huenda kama kilomita 2 hadi 2.5 kwa lita moja, kutegemea injini, matairi, milima na mguu wa dereva. Ukitumia 2.5 utapata lita 468. Ukitumia 2 utapata lita 585. Tofauti ni lita 117, na hapo hakuna aliyeiba chochote. Anayegombana kuhusu lita 60 kwa kutumia makadirio ya namna hiyo anagombana na kivuli.

Sasa tuingie ndani ya tenki. Geji ya kawaida haipimi lita. Ndani kuna boya, ambalo mafundi huliita floti, limefungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakishuka, floti inashuka, mkono unasugua kipande chenye ukinzani wa umeme, na dashibodi inasoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa sindano. Kwa hiyo unachokiona ni urefu wa mafuta mahali pamoja tu ndani ya tenki, tena kwa kupitia waya, kutu na vumbi la miaka kumi.

Ubovu unaowasumbua mafundi zaidi ni mdogo kuliko unavyofikiri: waya wa ethi, yaani ule unaounganisha sensa na bodi ya gari. Ukishika kutu, ukinzani unaongezeka na sindano inadanganya. Inadanganya upande gani? Inategemea gari. Mfumo unaotumika sana katika magari ya Ulaya husoma kama omu 10 tenki ikiwa tupu na omu 180 ikijaa, kwa hiyo kutu hufanya tenki ionekane imejaa kuliko ilivyo. Mfumo wa Kimarekani umegeuzwa: omu 240 ni tupu, 33 ni kujaa. Hapo kutu ileile hufanya mafuta yaonekane yamepungua. Ndiyo maana fundi akifunga sensa ya gari moja kwenye gari jingine kwa sababu tu matundu ya skrubu yamelingana, anaweza kukuachia geji isiyosema kweli hata siku moja.

Kuna dalili nyingine ambazo hata asiye fundi anaweza kuzitambua. Sindano ikirukaruka mahali palepale kila safari, pale pamelika. Ikikaa kwenye tupu wakati umejaza jana, huenda floti imetoboka na kuzama, au waya umekatika. Ikikwama juu, mkono umepinda na unagusa ukuta wa tenki.

Tatizo hili si la malori peke yake. Huko Marekani na Ulaya, watu wanaosafiri na magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo, hulalamika miaka nenda miaka rudi kuhusu tenki zao za maji machafu. Vipima vyao ni vichwa vya chuma vilivyotobolewa kwenye ukuta wa tenki kwa urefu mbalimbali. Mafuta ya jikoni, sabuni na karatasi hugandamana juu yake, umeme unapita kwenye uchafu huo, na taa inasema tenki imejaa dakika chache baada ya kumwagwa. Dawa yao ya kwanza ni kuosha tenki kwa maji mengi. Wasiofanikiwa hubandika sensa ya utepe nje ya tenki, ambayo haigusi uchafu kabisa.

Turudi barabarani kwetu. Kampuni nyingi za usafirishaji sasa hufunga sensa za kisasa zinazotuma taarifa ofisini kwa njia ya mtandao wa simu, pamoja na mahali gari lilipo. Wenye mali huziamini mno, kwa sababu taarifa huja kwenye simu ikiwa na namba na mchoro. Zilizoenea ni fimbo ya aluminiamu yenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Mafuta yanayopanda kati ya mirija hubadilisha kiasi cha chaji ya umeme kinachoweza kukaa hapo, na kifaa hukigeuza kuwa lita. Ni nzuri kuliko floti, lakini nayo ina masharti.

Sharti la kwanza ni kuipima upya baada ya kuifunga. Tenki si sanduku, pembe zake zimeviringwa na ndani kuna kuta za kuzuia mafuta yasiyumbe. Fundi anatakiwa alisimamishe gari mahali tambarare, amwage mafuta yote, kisha ajaze lita 20 kwa 20 akiandika namba ya sensa kila hatua. Tenki ya lita 500 ni hatua 25, kazi ya nusu siku. Wapo wanaoruka kazi hiyo, wanaandika tupu na kujaa tu, halafu wanaiacha kompyuta ikisie yaliyo katikati. Gari lililofungwa hivyo litakuwa na ugomvi kila linapofika robo tenki.

Maji nayo ni adui. Kwa sensa hiyo, maji huonekana mazito kielektroniki mara kama arobaini kuliko dizeli, hivyo yakikusanyika chini kwenye fimbo usomaji wote unaharibika.

Kisha kuna milima. Chukua tenki yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 65. Kila sentimita moja ya kina ni karibu lita 8. Gari likisimama kwenye mteremko wa asilimia 6, na sensa ikiwa imefungwa mwisho wa tenki badala ya katikati, itakosea kwa sentimita 3.6. Hizo ni lita 28, zitakazopotea au kuongezeka bila mtu kufungua mfuniko. Fikiria gari lililoegeshwa usiku kwenye mteremko wa Mai Mahiu, au Rusumo ambako barabara hushuka kuelekea daraja la mto Kagera. Hali ya hewa nayo huongeza yake: lita 600 zilizojazwa kwenye joto la nyuzi 30 Mombasa zikipoa hadi 15 kwenye nyanda za juu, hupungua kwa lita 7 hivi.

Na foleni je? Injini kubwa ikiunguruma bila kutembea hunywa takriban lita 3 kwa saa. Saa kumi za kusubiri zamu ni lita 30, tena bila kilomita hata moja ya kuzitetea. Kwa hiyo mwenye mzigo anapoletewa mchoro, asitazame mwanzo na mwisho tu. Mafuta ya kuibwa huporomoka ghafla injini ikiwa imezimwa, kisha hubaki chini. Mafuta yanayotumika hushuka polepole injini ikiwaka. Na yale yanayoshuka halafu yakapanda yenyewe gari lilipofika tambarare, hayakwenda popote. Uliza pia kama gari lina tenki mbili. Sensa ikiwa moja na bomba la kuziunganisha limeziba, nusu ya mafuta haihesabiwi.

Ukarabati wenyewe si wa gharama ya kutisha. Fundi akate betri kwanza, asafishe mwisho wa waya wa ethi mpaka chuma king'ae, kisha apime ukinzani kwa mita huku akiinua floti kwa mkono kutoka chini hadi juu. Namba zikipanda au kushuka taratibu bila kuruka, sensa ni nzima na tatizo liko kwenye waya au dashibodi. Zikiruka, ibadilishwe kwa yenye omu zilezile. Kazi ifanyike mbali na moto na mashine ya kuchomelea. Tenki tupu ina mvuke.

Lakini kwa anayekodi, nadhani dawa iko kwenye karatasi ya makubaliano kuliko kwenye gereji. Tenki ijazwe mpaka shingoni siku ya kuondoka, mbele ya dereva na mwakilishi wa mwenye mzigo, gari likiwa tambarare. Likirudi lijazwe tena kwenye pampu ileile mpaka shingoni. Lita zilizoingia, pamoja na zile za risiti za njiani, ndizo zilizotumika. Risiti hizo zipigwe picha siku hiyohiyo, kwani karatasi zake hufifia haraka kwenye joto la kebini. Na iandikwe wazi kwamba posho ya dereva haitaguswa kwa usomaji wa sindano au ujumbe wa simu mpaka tenki ipimwe kwa fimbo, yeye mwenyewe akiwa amesimama hapo.