Njia ya Mgonjwa, Toka Mlangoni Hata Dawa

Ndugu msomaji, fungua Biblia yako katika Kutoka, sura ya 18. Yetro alikuja kumtembelea mkwewe Musa. Kesho yake alitazama kazi. Aliona watu wamesimama toka asubuhi hata jioni, wakingoja Musa awaamue. Je, Musa alikuwa mvivu? Hata kidogo. Alifanya kazi mpaka kuchoka, na watu wakachoka pamoja naye, kwa sababu kazi yote ilipita mlango mmoja. Angalia sana jambo hili: Yetro alitazama kwanza, kisha akauliza, ndipo akatoa shauri. Wengi wetu tunaanza na shauri.

Sasa twende hospitalini. Tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto mgonjwa. Alitoka kijijini usiku, akafika mlangoni saa 12 asubuhi. Anangoja karani. Anaandikisha jina, analipa, anapewa karatasi yake. Anaketi barazani nyuma ya wote waliomtangulia. Mwenye jino bovu yuko mbele yake, na mwenye kidonda cha zamani yuko mbele yake vilevile. Anaitwa, mtoto anapimwa joto, anarudi kuketi. Munganga anamwona, anaandika kwamba damu ipimwe. Nyumba ya kupimia damu iko ng'ambo ya kiwanja. Anangoja huko. Anarudi na jibu, anangoja tena. Mwisho anafika kwenye dirisha la dawa, na pale anaambiwa akalipe kwanza, kule alikoanzia. Jua limefika utosini, na mtoto hajapata dawa hata tone. Hesabu wewe mwenyewe: alihudumiwa mara ngapi, na alingoja mara ngapi?

Na bado kila mtumishi alifanya kazi yake. Karani aliandika vizuri, mpimaji alipima sawasawa. Lakini kila mmoja anaona chumba chake tu. Mama peke yake ameona njia nzima, wala hakuna anayemwuliza.

Kwa hiyo ni vema njia hiyo ichorwe. Chukueni karatasi kubwa. Mtu mmoja amfuate mgonjwa toka mlangoni, akiandika kila pahali anaposimama, saa aliyofika na saa aliyoondoka. Kisha chora kila pahali kama kisanduku, na mshale wa kwenda kisanduku kinachofuata. Andika yanayotendeka kweli, si yale yaliyoandikwa katika sheria ya kazi. Mwite mlinzi wa mlango na mama anayefagia, maana wanajua mambo mengi ambayo munganga mkubwa hayajui. Wengine wataogopa, watadhani wanapelelezwa. Waambieni mapema kwamba tunatafuta kasoro ya njia, hatumtafuti mwenye kosa. Kama mkubwa wa kazi hawezi kusema neno hili kwa moyo wa kweli, afadhali asianze, kwa sababu ataandikiwa uongo.

Kazi hii haikuanza leo. Frank Gilbreth wa Marekani alianza maisha yake kama mwashi. Aliona waashi wakiinama kila mara kuokota tofali, akatengeneza jukwaa la kuweka matofali karibu na mkono. Mwaka 1921 yeye na mke wake Lillian waliwaonyesha mainjinia namna ya kuchora hatua zote za kazi kwenye karatasi.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Blantyre, katika Malawi. Katika hospitali kubwa ya serikali kule, watoto wagonjwa walikuwa wengi na watumishi wachache. Watoto walingoja, na wengi waliolazwa walikufa. Watumishi walichunguza kasoro za kazi yao. Walifundishwa kumtambua upesi mtoto aliye katika hatari na kumsaidia papo hapo. Nyumba yenyewe ilipangwa upya ili wagonjwa wapite vizuri, na wale wa barazani wakashirikiana na wale wa wodini. Ilifunguliwa tena Januari 2001. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 waliolazwa, walikufa 10 mpaka 18. Baadaye walikufa 6 mpaka 8. Ndugu, hesabu hiyo ni watoto wenye majina na mama zao.

Sasa neno kwako unayeketi barazani. Njia ikigeuzwa, manung'uniko mengi hutoka kwa wagonjwa wenyewe. Umefika wa kwanza, halafu unaona mtoto aliyefika sasa hivi anachukuliwa mbele yako. Unasema, «Huyu ni ndugu ya munganga.» Pengine ni kweli; upendeleo uko, wala sitauficha, nao ni dhambi. Lakini mtazame mtoto kwanza. Kama anapumua kwa shida, kama hawezi kunywa wala kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepatwa na degedege, au amelegea na haamki ukimwita, huyo hana nafasi ya kungoja. Mpishe.

Na kama mtoto huyo ni wako, usiketi. Usingoje karani, wala usitafute pesa kwanza. Mbebe mpaka kwa muuguzi aliye karibu, useme wazi: «Mtoto hanyonyi,» au «Mtoto amepatwa na degedege njiani.»

Karatasi ile ichorwe tena baada ya miezi michache, maana watu hurudia desturi ya zamani bila kujua. Ukiitwa siku hiyo kuketi pamoja na watumishi, usione haya. Sema saa uliyofika mlangoni, pahali ulipongoja sana, na saa mtoto alipopewa dawa.