Kijana Achezaye na Kijana Atengenezaye

Wazazi wengi hutujia wakishitakia jambo moja: mtoto ameinamia simu tangu Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, akiitwa haitiki, akiwekewa chakula hakioni. Baba ataka kuivunja simu, mama amwonea mwanawe huruma, na nyumba nzima imo ugomvini kwa sababu ya michezo ya kompyuta, ile ambayo vijana huiita gemu. Sisi hatuwalaumu wazazi hao kwa uchungu wao. Wakati ni rasilimali ya Mwislamu, na ukisha kupita haurudi. Lakini twauliza: je, katika hayo yampendezayo kijana hamna mlango wa kumtoa katika kucheza na kumtia katika kutengeneza? Kwani kila mchezo una fundi wake, na fundi huyo naye alianza siku moja hali hajui kitu.

Basi twataka kueleza sehemu moja ya ufundi huo, nayo ni kuchora picha kwa miraba midogo, yaani michoro ya pikseli. Tumeichagua hii kwa kuwa kuianza ni rahisi, gharama yake ni ndogo, na ndani yake mna mafunzo ya subira.

PIKSELI NI NINI?

Msomaji akikitazama kioo cha simu kwa lenzi ya kukuzia, ataona kwamba picha yote imeundwa kwa vidoti, na kila kidoti kina rangi yake. Kidoti hicho ndicho pikseli. Siku hizi vidoti hivyo ni vingi mno hata jicho haliwezi kuvitenga, lakini zamani vilikuwa vichache. Chombo cha Game Boy, kilichotolewa Japani mwaka 1989, kilikuwa na vidoti 160 kwa upana na 144 kwa kwenda juu, na rangi zake zilikuwa daraja nne tu, tangu nyepesi hata nzito. Mchoraji hakuwa na nafasi ya kupoteza. Kila kidoti alikiweka kwa kusudi. Leo kompyuta zina nguvu nyingi, na hata hivyo wachoraji wengi wangali wakiipenda namna hiyo, nao hukuza kila kidoti kikawa mraba unaoonekana waziwazi.

Mtu wa pwani asidhani kuwa jambo hili ni geni kwake. Mama asukaye ukili wa rangi hupata ua lake kwa kuhesabu miyaa, na mshona kofia ya viua hupata nakshi yake kwa kupanga vitobo. Na mafundi wa Kiislamu wa Isfahan na Samarkand, karne nyingi kabla ya umeme, waliandika majina matukufu katika kuta za majengo yao kwa matofali ya rangi, kwa khati iitwayo Kufi ya mraba, ambayo herufi zake zimenyooka zote. Aitazamaye leo atadhani imechorwa kwa kompyuta. Hakika ni elimu ile ile ya kuhesabu na kupanga, ila chombo kimebadilika.

DAFTARI LA HESABU LATOSHA KUANZIA

Kijana asiye na kompyuta asikate tamaa. Bibi mmoja wa Marekani, Susan Kare, alipopewa kazi ya kuchora alama ndogo za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alianza kwa daftari la miraba, mraba mmoja akiufanya kidoti kimoja. Daftari kama hilo lapatikana katika duka lo lote la vitabu vya shule.

Na achukue penseli, apige mstari kuzunguka miraba 16 kwa 16. Hapo ana miraba 256, nayo yamtosha. Kisha achague kitu kimoja cha nyumbani: dele la kahawa, fanusi, ufunguo, au kikombe. Kwanza akijaze chote kwa rangi moja, kiwe kama kivuli ukutani. Amwonyeshe ndugu yake mdogo na kumwuliza, “Hiki ni nini?” Mdogo akijibu sawa, umbo limesimama. Asipojibu, basi rangi haitaliponya. Na arudie umbo.

Umbo likisha kusimama, atie rangi, na rangi ziwe chache. Kwa shaba ya dele zatosha tatu: ya kati, ya giza, na ya nuru. Kabla ya kutia aamue mwanga watoka wapi, tuseme juu upande wa kushoto. Basi kila kilichoelekea huko king’ae, na kilichogeuka kiingie giza. Kosa la wanafunzi wengi ni kutia giza pembeni pande zote na mwanga katikati, na matokeo yake kila kitu hufanana na mto uliojazwa sufi.

Jambo la tatu ni mistari. Mstari wa kulala upande, katika miraba, ni ngazi. Ngazi zake zikiwa za mpango, miraba miwili, miwili, miwili, mstari utakuwa laini. Zikiwa miwili, kisha mmoja, kisha mitatu, utakuwa kama meno ya msumeno mbovu. Na mpindo nao uwe na taratibu: minne, mitatu, miwili, mmoja.

Akiisha kuyajua hayo ndipo ahamie kwenye kompyuta. Ziko programu zisizolipiwa, kama Piskel na LibreSprite. Na Aseprite, ambayo huuzwa, yapendwa sana na wenye kazi hiyo. Achague kalamu ya pikseli moja. Picha aihifadhi kwa namna ya PNG wala si JPEG, kwa kuwa JPEG hufinya faili kwa kuchafua rangi za vidoti vilivyo jirani. Na akitaka kuikuza, aikuze mara mbili, mara tatu au mara nne kamili, kwa njia isiyochanganya rangi. Akiikuza mara moja na nusu, miraba haitalingana na kazi yote itaharibika.

Baadaye ajifunze kutengeneza kigae: mraba mmoja wa mchanga, wa majani au wa maji, ambao ukingo wake wa kulia wakutana na ukingo wake wa kushoto bila alama ya kiungo, hata akipanga mia apate uwanja mzima. Kisha ajifunze mwendo, aanze na picha mbili za mwali wa fanusi zikibadilishana. Hapo mchoro umepata uhai wa macho, na kijana aweza kuutia katika programu ya kuundia michezo, kama Godot, ambayo nayo hailipiwi.

JE, KUCHORA KUNAFAA?

Atauliza mwenye kuuliza: Je, katika Uislamu picha si jambo la kuhadhari? Ndiyo, na swali hilo ni la haki. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja aliyekuwa akila kwa kazi ya kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (r.a.) kutaka shauri. Naye, baada ya kumhadharisha kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Ama picha za wenye roho, wanazuoni wamehitilafiana: wako waliozikataza zote, wako waliokusudia zaidi masanamu yenye kivuli, na katika hizi za kompyuta masheikh wa zama zetu wana kauli zaidi ya moja. Sisi hatutoi fatwa hapa. Kila nyumba na imwulize sheikh wake, na imuulize kabla ya kijana kuanza.

Lakini twapenda vijana wazingatie hili, ya kwamba njia ya salama katika dini ndiyo pia njia ya salama katika ufundi. Uso wa mwanadamu katika miraba michache ni mgumu hata kwa mabingwa. Mjapani Shigeru Miyamoto, alipomchora fundi wa mchezo wa Donkey Kong mwaka 1981, alibanwa na nafasi hata akampa masharubu ili asihangaike na mdomo, na kofia ili asihangaike na nywele. Ikiwa bingwa alikwepa, mwanafunzi ana haraka gani? Na katika mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, mawingu ya juu na vichaka vya chini ni umbo moja lililobadilishwa rangi tu. Ulimwengu mzima wa mchezo waweza kujengwa kwa mawingu, miti, mawe na maji.

Wala asiseme mtu kwamba mchezo bila picha za wenye roho hautapendwa. Tetris, uliobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov, msingi wake ni vipande vya miraba minne minne vianguka na kupangwa, na umeenea dunia nzima.

KWA NINI TWASEMA HAYA

Huenda mtu akauliza, haya yote ya nini? Jawabu letu ni hili. Mwaka 2016 kijana mmoja wa Marekani, Eric Barone, alitoa mchezo uitwao Stardew Valley, wa mkulima na kijiji chake. Aliutengeneza peke yake kwa muda wa kiasi cha miaka minne na nusu, akichora na kurudia kuchora mpaka aridhike, na umenunuliwa na watu mamilioni. Katika kijiji kile mna shamba, mto, duka, na kilabu cha pombe. Hatumshangai, kwani kila mtu hujenga kijiji anachokijua. Lakini mtoto wetu achezapo humo, hukaa katika kijiji cha mtu mwingine, na desturi zake huziona ndizo desturi za dunia.

Kijiji chetu nani atakichora? Nani atatia msikiti wenye birika la kutawadhia, baraza la mawe, mlango wa nakshi, na jahazi linalongoja kusi? Hapana atakayetufanyia kazi hiyo ikiwa vijana wetu hawajui ila kubonyeza.

Twawausia vijana mambo manne. La kwanza, kazi hii iwe na saa yake, na adhana iwe ndiyo mpaka wake. Mchoro hungoja, Sala haingoji. La pili, kuiga mchoro wa mwingine kwa kujifunza ni jambo la wanafunzi wote, lakini kuutia jina lako au kuuuza ni kula jasho la mwenzio. La tatu, msikubali kuichorea michezo ya kamari hata kama malipo yake ni makubwa. La nne, jina la Mwenyezi Mungu likiandikwa kwa miraba, lisiwekwe chini, mahali pa kukanyagwa na wachezaji.

Na wazazi nao twawaambia: kabla ya kuivunja simu, mnunulieni kijana daftari la miraba na penseli, mkae naye jioni moja, mmwambie awachoree dele la kahawa. Huenda likatoka limepinda. Mwambieni alirudie.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu katika elimu yenye manufaa, aitie baraka mikono yao, na atujaalie sisi wazazi na walimu wao busara ya kuwalea. Amin.