Mchezo wa simu: kamanda yupi anastahili sanamu zako na dola zako?

Mchezo wa Rise of Kingdoms unapakuliwa bure kwenye simu. Mtu anajenga mji wake, anafundisha askari, anaingia katika muungano pamoja na wachezaji wa nchi zingine, na wote wanapigania ramani moja. Baada ya wiki chache, kila mchezaji anafika mbele ya swali lenye kugawanya watu katika vikundi vya WhatsApp: huyu kamanda niliyempata, nimkuze mpaka mwisho ao nimwache?

Mtu akichagua vibaya, hasara haibaki ndani ya mchezo. Inaweza kuwa miezi mingi ya kazi, mega nyingi za intaneti, na kwa wengine dola zilizotoka katika pesa za nyumba. Makala hii inaeleza namna mambo yanavyotembea, na maswali ambayo mchezaji anapaswa kujiuliza kabla ya kuamua.

Kamanda tunayemzungumzia ni nani?

Tueleweke kwanza. Hapa kwetu, Kivu na Ituri, neno kamanda linaleta mawazo mengine, na mzazi akisikia mtoto anasema "kamanda wangu" anaweza kushtuka. Katika mchezo huu, kamanda ni mchoro tu wa mtu wa historia: Julius Caesar, Genghis Khan, Saladin, Cleopatra, Jeanne d'Arc, Charles Martel na wengine wengi. Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 2018, na umetolewa na Lilith Games, kampuni ya Uchina yenye makao yake Shanghai.

Makamanda wamegawanywa kwa rangi. Wa kijani na wa bluu ni wa kuanzia. Wa zambarau ni wazuri, na wanapatikana bila taabu kubwa. Wa dhahabu ndio wenye nguvu zaidi, na ndio wanaoumiza watu kichwa.

Siku ya kwanza, mchezaji anachagua taifa, na taifa linampa kamanda mmoja wa zambarau. Anayechagua Uchina anapata Sun Tzu, Roma inampa Scipio Africanus, Ufaransa Jeanne d'Arc, Ujerumani Hermann, Uingereza Boudica, Japani Kusunoki Masashige.

Kamanda anakua kwa njia tatu. Kuna kiwango, kinachopanda mpaka 60 kwa kupigana na kwa vitabu vya maarifa. Kuna nyota, kuanzia 1 mpaka 6, na kila nyota inamruhusu kupanda viwango 10 zaidi. Halafu kuna uwezo wake 4, na kila mmoja unapanda kutoka 1 mpaka 5. Uwezo wote 4 ukifika 5, unafunguka uwezo mwingine wa mwisho unaoongeza nguvu yake.

Vitabu vinapatikana kila mahali, na wakati utavileta. Kazi ngumu iko kwa uwezo, juu ya kuwa uwezo unapandishwa kwa sanamu. Kila kamanda ana sanamu zake mwenyewe. Vile vile kuna sanamu za wote, ambazo mchezaji anaweza kuzitumia kwa kamanda yeyote wa rangi hiyo. Sanamu za wote za dhahabu ni adimu kabisa. Na jambo ambalo wengi wanalijua wakiwa wamechelewa: sanamu ukishaiweka kwa kamanda, hairudi. Ukigundua kesho kwamba ulikosea, hakuna njia ya kuitoa na kumpa mwingine.

Hesabu ya 690

Kumfikisha kamanda wa dhahabu mwisho, uwezo wote 4 ukiwa 5, kunaomba sanamu karibu 690. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kichwani kabla ya kitu kingine chochote.

Tufanye hesabu ya kawaida. Mchezaji asiyelipa, akipata sanamu 1 ya dhahabu kwa siku, atahitaji siku 690, ni kusema karibu miaka miwili kwa kamanda mmoja. Akipata 2 kwa siku, ni siku 345, bado ni karibu mwaka mzima. Sasa angalia mtu mwenye kugawa: leo anaweka 10 kwa Saladin, kesho 10 kwa Caesar, juma lijalo 20 kwa Cleopatra. Baada ya mwaka ana makamanda sita wa dhahabu, na hakuna hata mmoja anayeweza kusimama vitani.

Hii ndiyo sababu wachezaji wa zamani wanawaambia wapya: kamanda wa zambarau aliyekamilika anamshinda kamanda wa dhahabu wa nusu. Sun Tzu ni mfano mzuri. Ni wa zambarau, sanamu zake zinapatikana, na pigo lake kubwa linagusa maadui hadi 5 kwa mara moja. Mchezaji mpya akimkamilisha, anakuwa na mtu wa kazi wakati wenzake bado wanangojea dhahabu yao.

Mtego wa nyota

Kuna mtego ambao mchezo hauuelezi kwa sauti. Unapoweka sanamu za kupandisha uwezo, huchagui ni uwezo upi utapanda. Mchezo wenyewe unachagua kwa bahati, kati ya uwezo uliokwisha kufunguliwa.

Kamanda mwenye nyota 1 ana uwezo mmoja tu uliofunguliwa. Akifika nyota 2, wa pili unafunguka. Nyota 3, wa tatu. Nyota 4, wa nne. Kwa hiyo mtu mwenye haraka, anayempandisha kamanda mpaka nyota 4 bila kuangalia sanamu, anaacha bahati ikiamua. Sanamu zake zinaweza kwenda kwa uwezo wa nne usiokuwa na faida kubwa, wakati uwezo wa kwanza, ambao mara mingi ndio pigo lenyewe la kamanda, unabaki chini.

Dawa yake ni uvumilivu. Kamanda anaachwa kwenye nyota 1 mpaka uwezo wa kwanza ufike 5. Halafu anapandishwa nyota 2, na sanamu zote zinaenda kwa uwezo wa pili mpaka nao ufike 5. Ni polepole, lakini hakuna sanamu inayopotea.

Atafanya kazi gani?

Swali la nguvu peke yake halitoshi. Kila kamanda ana vipaji vya aina tatu, na vipaji hivyo vinaonyesha kazi aliyotengenezewa. Kuna wa askari wa miguu, wa wapanda farasi, wa wapiga mishale. Kuna wa kuvamia miji, wa kulinda mji, wa kupigana na makundi ya adui yanayozunguka kwenye ramani, na wa kukusanya chakula, mbao, mawe na dhahabu.

Mfano ni Cleopatra. Ni wa dhahabu, jina lake ni kubwa, na mtu akimpata anafurahi. Kumbe kazi yake ni kukusanya mali na kusaidia. Mtu akimwekea mamia ya sanamu akitumaini atavunja miji, atashangaa. Jeanne d'Arc naye ni mkusanyaji mzuri, tena ni wa zambarau, bei yake ni ndogo. Kwa kazi hiyo ya kukusanya, mchezaji asiyelipa hana haja ya kuchoma sanamu za dhahabu.

Charles Martel na Richard I wanaongoza askari wa miguu, na wanajulikana kwa kuvumilia pigo na kulinda. Minamoto ni wa farasi, na anafaa sana kupiga yale makundi ya adui ya ramani. Yi Seong-Gye ni wa mishale, na miungano inampenda kwa kulinda miji juu ya pigo lake linalogusa wengi. Ukiwa na askari wengi wa miguu, kamanda wa mishale hata akiwa bora hatakusaidia vile unavyofikiri. Angalia kwanza askari ulionao na utafiti uliofanya, ndipo umchague kamanda.

Kamanda wa pili ni wa bei nyingine

Kila msafara wa askari unaweza kuongozwa na makamanda wawili, wa kwanza na wa pili. Hapa kuna tofauti yenye faida. Vipaji vinavyohesabiwa ni vya kamanda wa kwanza tu. Wa pili analeta uwezo wake, lakini vipaji vyake havihesabiwi.

Kwa hiyo kamanda anayetumiwa kuwa wa pili hana lazima ya kufika kiwango cha 60. Anahitaji uwezo wake upande, basi. Vitabu ambavyo vingemaliziwa kwake, mchezaji anavipeleka kwa yule wa kwanza. Wengi wanamwagia vitabu makamanda wote wawili kwa usawa, kumbe nusu ya ile mali haina kazi.

Umri wa ufalme na maneno ya muungano

Falme za mchezo huu zinafunguliwa moja baada ya nyingine, na makamanda wa dhahabu wanaletwa kwa zamu kufuatana na umri wa ufalme. Wapya wanaokuja nyuma mara mingi wana nguvu kuliko wa zamani. Mtu aliyemaliza akiba yake yote leo anaweza kuona, baada ya miezi michache, kamanda wa aina ileile mwenye kumpita. Ndiyo maana wachezaji wenye subira wanaweka sanamu za wote sandukuni mpaka wajue ni nani anakuja.

Kuna vile vile mashindano ambayo wanaopata pointi nyingi wanalipwa sanamu za kamanda fulani. Katika ufalme mchanga, mara mingi wenye pesa ndio wanaoshinda. Katika falme zenye mpango mzuri, viongozi wanatengeneza orodha: juma hili nafasi ya kwanza ni ya fulani, juma lijalo ni ya mwingine. Ukitaka kamanda anayetoka huko, zungumza na viongozi wa muungano wako kabla ya kuanza kumwekea sanamu. Kuvunja orodha kunaleta ugomvi, na kunaweza kumfukuzisha mtu.

Na dola je?

Mchezo ni wa bure, lakini vifurushi vya kununua viko kila pembe. Namna vilivyopangwa inajulikana: kifurushi cha kwanza ni karibu dola 5, ukikinunua kinafunguka cha karibu 10, halafu 20, halafu 50, halafu 100. Kila ngazi inaonekana kuwa na zawadi nono kuliko ile ya nyuma. Mtu aliyekusudia kutoa dola 5 anaweza kujikuta ametoa 35 kwa ngazi tatu, na kamanda bado yuko mbali na zile sanamu 690.

Halafu kuna sanduku za bahati na gurudumu la kuzungusha. Pale hununui sanamu, unanunua nafasi ya kujaribu. Mwaka 2018, tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilisema kwamba sanduku za bahati zinazolipiwa katika michezo kadhaa ya video zinaangukia chini ya sheria ya kamari. Google nayo inaomba michezo iliyo kwenye Play Store ionyeshe uwezekano wa kupata kila kitu kabla mtu hajalipa. Usome ile namba, hata kama imeandikwa kidogo.

Hapa kwetu wengi hawana karte ya benki, kwa hiyo mtu anapitia rafiki ao ndugu mwenye karte. Tahadhari na wale wanaotoa vito kwa bei ya chini na kuomba namba ya siri ya akonti yako. Pesa inaweza kupotea, na akonti inaweza kufungwa. Kwa wazazi wanaoazimisha watoto simu, Play Store ina sehemu ya kuweka neno la siri kabla ya kila malipo. Kuiweka ni kazi ya dakika chache.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kuweka sanamu ya kwanza, mchezaji ajibu haya:

1. Kamanda huyu atanifanyia kazi gani, na kuna wa zambarau anayeweza kuifanya kwa bei ndogo?
2. Askari wangu ni wa aina yake?
3. Atakuwa wa kwanza ao wa pili, na mwenzake ni nani?
4. Sanamu zake nitazipata wapi kila juma, na kwa mwendo huo nitamaliza lini?
5. Ninahitaji uwezo wote 4, ao uwezo wa kwanza na wa pili unanitosha?
6. Nikiongeza dola, hiyo dola ilikuwa ya nini nyumbani?

Mchezaji akikosa jibu la swali la nne, afadhali asianze. Aendelee kumkamilisha kamanda wa zambarau aliye naye, aweke akiba ya sanamu za wote, na angoje. Ufalme wa mchezo utaendelea kuwepo kesho, na kamanda mwingine atakuja. Kwa swali la sita, jibu lake halipatikani katika muungano wala kwenye simu. Linapatikana na watu wanaokula pamoja naye, na ni vizuri waulizwe kabla ya pesa kutoka.