Fahamu: Gofu ya visahani inavyojengwa kwenye mlima wa theluji

Theluji inapoyeyuka Vermont, Marekani, kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Smugglers' Notch hakibaki bila wageni. Wanakuja na mikoba ya visahani vya plastiki. Mwaka 2023 viwanja vyake viwili, Brewster Ridge na Fox Run Meadows, vilipokea Mashindano ya Dunia ya gofu ya visahani kwa wachezaji wa kulipwa: Isaac Robinson wa Marekani akatwaa taji la kundi la wazi, Kristin Tattar wa Estonia la wanawake.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Unarusha kisahani mpaka kitue ndani ya kikapu chenye minyororo, kifaa alichokibuni Ed Headrick miaka ya 1970. Mwenye mitupo michache zaidi ndiye mshindi.

Kazi ngumu ni ya mjenzi. Kisahani kilichorushwa kuelekea bondeni hukaa hewani muda mrefu, upepo ukakipeleka kusikotarajiwa, kwa hiyo njia za watembea kwa miguu lazima ziwe mbali. Vikapu vilivyo kwenye njia za kuteleza huhitaji kung'oleka kabla ya majira ya baridi, ndiyo maana shina la kikapu huchomekwa kwenye bomba lililozikwa ardhini.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni maji. Nyayo zikiua nyasi kwenye mteremko, mvua hugeuza njia kuwa korongo. Dawa ni kuikata njia kwa mshazari badala ya kuishusha moja kwa moja, kuchimba mitaro ya kuyapisha maji pembeni, na kutandaza vipande vya mbao panapokanyagwa sana. Uwanja usiotunzwa hivyo huumiza mlima wenyewe.