Mgonjwa Mahututi Hasubiri Kitanda

Mkazi wa Buguruni anayezidiwa usiku hana safari ndefu. Kutoka Buguruni Sheli, ukishika Barabara ya Uhuru, Hospitali ya Amana haiko mbali. Swali ni je, akifika atakuta nini?

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, Amana ilitengwa kwa ajili ya wagonjwa wake, na wengine wakaelekezwa kwingine. Ndipo wengi wetu tuliposikia kwa mara ya kwanza habari za mashine ya kupumulia, tukadhani uhai wote umo humo.

Mashine inahitajika, hatukatai. Septemba 2021 Tanzania ilipata mkopo wa dola milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ilielekezwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Lakini mashine haifanyi kazi bila umeme, bila oksijeni, wala bila muuguzi aliyefundishwa kukesha na mgonjwa. Na muuguzi hanunuliwi dukani kama mtungi.

Tena, wengi walio mahututi hawafiki kabisa kwenye chumba hicho. Utafiti wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2025, ulikuta kwamba mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa alikuwa mahututi, na wengi wao walikuwa wodi za kawaida. Takriban nusu ya walioshindwa kupumua vizuri hawakuwa wamepewa oksijeni. Oksijeni tu, jamani!

Dar es Salaam imeonja kipindupindu mwaka 2015 na dengi mwaka 2019. Ugonjwa mwingine ukija, wodi ya kawaida ndiyo itakayoelemewa kwanza. Hapo panatakiwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni, dripu, na mtu wa kumtazama mgonjwa mara kwa mara.

Nasi nyumbani? Mtoto anayehema haraka huku mbavu zikibonyea, mtu mzima asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au aliyepoteza fahamu, asingoje kupambazuke. Aliyezimia lakini anapumua mlazeni ubavu, hata ndani ya bajaji. Mkifika zahanati, ulizeni: oksijeni ipo? Kama haipo, ombeni rufaa papo hapo. Na anayeuguza wodini, akiona pumzi ya mgonjwa wake imebadilika, amwite muuguzi, hata kama amemwita dakika tano zilizopita.