Riale, Thumuni na Hela: Sarafu za Fedha kama Ushahidi wa Msamiati

Neno fedha lina maana mbili katika Kiswahili: madini meupe yanayofuliwa na sonara, na mali ya kununulia. Asili yake ni Kiarabu, na maana ya kwanza ndiyo iliyoizaa ya pili. Neno rupia nalo, lililotoka Bara Hindi, lina mzizi wenye maana ya fedha iliyofuliwa. Maneno haya yanabainisha kwamba kwa muda mrefu thamani ya sarafu ilikuwa ni madini yake yenyewe. Kwa hiyo mkusanyaji wa sarafu kongwe na mwanaisimu wana shamba moja, ingawa kila mmoja huvuna kwa namna yake.

Sarafu ya Ulaya iliyoenea zaidi katika biashara ya Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki ni ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ina uzito wa gramu 28 na ushei, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu zilizofuliwa baadaye ziliendelea kuandikwa mwaka huo huo. Zilifuliwa Vienna, na katika karne ya 20 hata Roma, London na Bombay. Mkusanyaji asiyejua jambo hili hudhani ameshika kitu cha karne ya 18, kumbe pengine kilifuliwa baada ya mwaka 1935.

Waswahili waliiita riale, neno lililopitia Kiarabu kutoka real ya Wahispania na Wareno, lenye maana ya “ya kifalme”. Hawakukomea hapo. Kamusi za karne ya 19 zimehifadhi riale ya Sham, yaani hiyo ya Maria Theresa. Riale Fransa, sarafu ya faranga 5. Na riale ya mzinga, sarafu ya Wahispania ambayo nguzo zake mbili zilionekana kama mizinga. Watumiaji hawakuhitaji kusoma maandishi ya Kilatini. Waliisoma picha, wakaipa jina.

Neno thumuni, yaani sehemu ya nane, linafundisha zaidi. Riale ilipohesabiwa kuwa rupia 2, na rupia 1 ikalinganishwa na shilingi 2 katika mageuzi ya Waingereza ya mwaka 1920 na 1921, riale ikawa sawa na shilingi 4. Sehemu yake ya nane ni senti 50. Ndiyo maana sarafu ya Tanzania ya senti 50 ya mwaka 1966, yenye picha ya sungura, iliitwa thumuni au sumni, ilhali ni nusu ya shilingi, wala si sehemu ya nane. Kizima kilitoweka, kipande kikabaki na jina lake.

Hela ilisafiri njia nyingine. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha kuigawa rupia kwa pesa 64, wakaigawa kwa heller 100. Sarafu hiyo ndogo ndiyo iliyotoa jina la fedha zote.

Katika maeneo kama Kerenge, upande wa Korogwe na Handeni, ambako Kiswahili kinakutana na Kisambaa na Kizigua, ushahidi wa aina hii unastahili kutafutwa mapema. Mnunuzi huikataa riale iliyotobolewa, au huilipia kidogo, kwa kuwa tundu limeiharibu. Kwa mtafiti, tundu hilo ni habari: sarafu ilitoka sokoni ikaingia katika mapambo, na huenda ikapata jina jipya. Sonara akiiyeyusha, madini hubaki na habari hupotea. Mnunuzi akiisugua ing’ae, alama za matumizi hufutika.

Mwanafunzi anayeionyeshwa sarafu ya namna hiyo hana haja ya kuinunua. Na aipime, aichore pande zote mbili, kisha aandike mwenyewe anaiitaje, kwa lugha gani, na ilitumiwa kwa shughuli gani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msamiati nao ni mali.