Kijana wa chuo kikuu akizidiwa na mawazo, tumsaidie namna gani?



Katika toleo hili tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo familia nyingi zinalificha. Vijana wetu wanaosoma chuo kikuu wanazidiwa na mawazo mpaka wanashindwa kulala, kula na kusoma. Wengine wanafikia kutamani kufa. Mara nyingi sisi wakubwa tunasema: «Huyu amesoma, atajisaidia mwenyewe.» Lakini masomo hayazuii kidonda cha moyo.

Jambo lililotokea

Kijana mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Goma. Familia yake ilikimbia vita kutoka upande wa Rutshuru, ikapata chumba kimoja hapa Munigi, watu wanane ndani. Asubuhi alienda chuoni kwa miguu. Alasiri aliponda mawe ya volkano ili apate pesa ya masomo.

Siku ya mtihani, upepo ulipiga mlango wa chuma kwa nguvu. Kijana alipiga kelele, akaingia chini ya benchi, akafunika kichwa kwa mikono. Wengine walicheka. Wengine walimpiga picha kwa simu, na jioni picha hizo zilikuwa zimefika mpaka mtaani kwao. Majirani wakasema ni mapepo. Wengine wakasema anavuta bangi. Baba yake, kwa aibu, akamfungia ndani.

Tulipofika nyumbani, mama yake alitueleza kwamba mtoto alikuwa hajalala vizuri kwa wiki tatu. Siku ya kukimbia, alimwona mdogo wake akianguka njiani, na hawakuweza kurudi kumchukua. Pale chuoni hakuna aliyejua habari hiyo, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Mtu mmoja tu alifanya vizuri siku ile. Ni mwanafunzi mwenzake, tena wa kabila lingine, aliyemtoa nje, akaketi naye kimya chini ya mti, akampa maji na kumsindikiza mpaka nyumbani. Hakusomea udaktari. Alichofanya ndicho tunachotaka kuwafundisha leo.

Kwa nini mambo haya yanatokea?

Sisi watu wa Munigi tumeona mengi. Mwaka 1994 kipindupindu kiliwaua wakimbizi wengi hapa na katika kambi za jirani. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita kwetu ikaingia mpaka katikati ya mji. Mei 2021 ikarudi tena, ikaunguza nyumba. Tangu 2022 vita vilileta maelfu ya familia Kanyaruchinya, Munigi na kando ya Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na mwezi uliofuata kambi nyingi zilibomolewa. Familia zikahama mara ya pili, hata ya tatu. Benki zilifunga milango, na mzazi aliyekuwa na akiba kidogo ya masomo hakuweza kuichukua.

Shirika la Afya Duniani (OMS) lilieleza mwaka 2019 kwamba katika nchi zenye vita, mtu 1 kati ya 5 hivi ana tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo, katika auditoriamu yenye wanafunzi 100, msishangae mkikuta 20 wanaoumia. Si uchawi wala uvivu.

Dalili za kuangalia

- Halali usiku, au anaamka akipiga kelele.
- Anajitenga, haongei, ameacha kula au kuoga.
- Ameacha kwenda chuoni bila kueleza sababu.
- Anaanza kunywa pombe kali au kutumia dawa za kulevya.
- Anasema: «Mimi ni mzigo kwenu», au anagawa vitu vyake kama mtu anayeaga.

Angalizo: mtu akichanganyikiwa ghafla na ana homa, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani.

Hatua tatu

Mwaka 2011 OMS na mashirika mengine walitoa kitabu cha msaada wa kwanza wa kisaikolojia. Mafundisho yake yanashikwa kwa maneno matatu.

*Angalia.* Je, mahali alipo ni salama? Ondoeni watu wanaomzunguka. Zuieni kupiga picha. Msimpige wala kumfunga kamba.

*Sikiliza.* Keti naye, ongea polepole. Usimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Usimwambie «jikaze» au «wengine wameteseka kuliko wewe». Ukiogopa kwamba anataka kujiua, mwulize waziwazi: «Je, umefikiri kujiua?» Watu wengi wanaogopa swali hili, wakidhani litampa wazo hilo. Si kweli. Mara nyingi swali linampa nafasi ya kupumua. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake hata usiku. Ondoeni karibu naye dawa, sumu ya shamba na vyombo vya makali, na mtafute msaada siku hiyohiyo.

*Unganisha.* Mpelekeni kwa mganga wa kituo cha afya kilicho karibu, naye atawaelekeza mbele. Mjini Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, kinachojulikana kwa miaka mingi kwa matibabu ya akili. Mkipenda kuomba, ombeni, na mchungaji au padri aje nyumbani. Lakini maombi yasizuie matibabu, na mgonjwa asifungishwe kula siku nyingi.

Kila mmoja na kazi yake

*Wazazi:* msimfiche mtoto. Mwambieni kwamba hasira yenu ni juu ya vita, si juu yake. Kama pesa ya masomo imekosekana, zungumzeni naye mapema ili asibebe wasiwasi huo peke yake.

*Viongozi wa wakimbizi, machifu na nyumba kumi:* nyamazisheni uvumi. Katazeni jina «kichaa». Mzazi akiogopa kwenda chuoni, msindikizeni.

*Wanafunzi:* jueni nani hajaonekana darasani siku tatu, na mkamtembelee. Anayesambaza picha ya mwenzake anamjeruhi mara ya pili.

*Walimu na wakuu wa vyuo:* wekeni mtu anayejulikana na chumba cha kusikilizia chenye siri. Mruhusuni mgonjwa afanye mtihani katika sesheni ya pili bila kuadhibiwa, na mpokee malipo kidogokidogo.

Wengine walifanya nini?

Hatuko peke yetu. Nchini Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Waliopona walipewa ushauri, na wengi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ili waendelee na masomo. Kijana aliyeumia anahitaji kurudi kwenye benchi, kati ya wenzake.

Na kama mnasema «hatuna madaktari», tazameni Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka, watu wa kawaida wasio waganga walifundishwa wiki mbili tu kuongoza vikundi vya watu wenye huzuni nzito. Vikundi vilikutana kila wiki kwa muda wa miezi minne hivi, na watu wengi walipata nafuu kubwa. Hata hapa Munigi tunaweza kukutana chini ya mti.

Hili pia ni jambo la amani

Kijana aliyechekwa na kufukuzwa hutafuta mahali pengine pa kupokelewa, na makundi yenye silaha hayakosi nafasi. Lakini kijana aliyeketiwa na mwenzake wa kabila lingine siku ya shida hatasahau. Amani tunayoihubiri katika mikutano inaanzia pale.

Yule kijana wetu alitibiwa, akafanya mtihani wake katika sesheni ya pili. Hajapona kabisa, mlango ukipigwa bado anashtuka. Siku hizi baba yake humsindikiza mpaka barabara kubwa kila asubuhi, na majirani wamezoea kuwaona wakipita pamoja.

Ndugu wasomaji, wiki hii mwulizeni kila kijana wa nyumbani kwenu swali moja: «Unalala vizuri?» Kisha ketini, msikilize jibu.